Kanisa la Mkunazini na Namna ya Kulisoma

Mara nyingi tunapozungumza juu ya utamaduni wa taifa, mawazo yetu hukimbilia ngoma, nyimbo, methali na mavazi. Ni mara chache tunapokumbuka kwamba majengo nayo ni sehemu ya utamaduni huo, na kwamba jengo la kale, kama lilivyo shairi la kale, lina maneno yake, lina mpangilio wake, na lina watunzi wake. Shairi likighaniwa vibaya hupoteza maana, na jengo likisimuliwa vibaya hupatwa na hasara hiyo hiyo. Katika makala haya nakusudia kulihakiki jengo moja mashuhuri la nchi yetu, Kanisa Kuu la Kianglikana la Mkunazini, katika Mji Mkongwe wa Unguja, pamoja na hadithi zinazosimuliwa juu yake.

Huenda msomaji akauliza: Mtu wa Itumba, Wilaya ya Ileje, anatafuta nini Mkunazini? Sisi ni watu wa milimani, mto Songwe ndio mpaka wetu na Malawi, na bahari wengi wetu tuliisoma kabla ya kuiona. Swali hilo ni la haki, na jibu lake litaonekana kadiri tunavyoendelea. Kwa sasa niseme tu kwamba kazi ya utumishi wa umma ilinifikisha Unguja, nami nikaingia kanisani humo siku ambayo kundi la wanafunzi wa sekondari lilikuwa limeletwa na mwalimu wao. Walionyeshwa nguzo zilizo karibu na mlango mkuu, wakaambiwa kwamba zimesimikwa juu chini, kwa sababu mafundi wa hapa hawakujua kazi yake na askofu alikuwa safarini. Watoto wakacheka. Mmoja wao hakucheka, bali aliuliza, "Mwalimu, hao mafundi walikuwa akina nani?" Mwalimu akajibu, "Vibarua tu," kisha kundi likaendelea mbele.

Jibu hilo nimetembea nalo muda mrefu. Makala haya ni jaribio la kulijibu swali la mtoto yule kwa uzito unaostahili.

ASILI YA MAHALI

Mahali penyewe pana historia kuliko jengo. Kabla ya kanisa, hapa palikuwa na soko la watumwa. Watu waliotekwa au kununuliwa bara, wengi wao kutoka nchi za pembezoni mwa Ziwa Nyasa, waliteremshwa hadi pwani, hasa Kilwa, wakapakiwa majahazini na kuletwa Unguja. Wengine walibakia visiwani kulima karafuu, wengine walivushwa kwenda Uarabuni na kwingineko.

Tarehe 5 Juni 1873, Sayyid Barghash bin Said, baada ya kubanwa na Serikali ya Uingereza kupitia balozi wake John Kirk na kutishiwa kwamba kisiwa kitazingirwa na manowari, alitia saini mkataba wa kukomesha usafirishaji wa watumwa baharini na kufunga masoko ya hadhara. Soko la Mkunazini likafungwa. Mwaka huo huo kiwanja kikaingia mikononi mwa Misheni ya Vyuo Vikuu kwa Afrika ya Kati, ijulikanayo kama UMCA. Sehemu yake ilinunuliwa na kasisi Arthur West, na sehemu nyingine ilitolewa na mfanyabiashara wa Kihindu, Jairam Senji. Siku ya Krismasi ya mwaka 1873 jiwe la msingi likawekwa.

Inafaa mwanafunzi ajue kwamba misheni hiyo haikuanzia Unguja. Ilianzia mwaka 1861 huko Magomero, kusini mwa Ziwa Nyasa, katika nchi iliyo sasa Malawi. Huko ilipigwa na maradhi, njaa na vita, askofu wake wa kwanza, Mackenzie, akafariki mwaka 1862, na mwaka 1864 mabaki ya misheni yakahamia Unguja chini ya Askofu Tozer. Pamoja na Tozer alifika Edward Steere, ambaye mwaka 1874 alifanywa askofu, na ambaye wapenzi wa Kiswahili wanamfahamu kwa kitabu chake cha sarufi na kwa mkusanyiko wake wa hadithi za Waswahili, vyote vikiwa vimechapishwa mwaka 1870. Steere ndiye aliyebuni na kusimamia ujenzi wa kanisa hili. Ibada ya kwanza ilifanyika Krismasi ya mwaka 1877, kabla kazi haijakamilika. Yeye mwenyewe alifariki Agosti 1882, akazikwa nyuma ya altare.

UFUNDI WA JENGO

Mhakiki hana budi kuanza na kile anachokiona, kisha ndipo aende kwenye kile anachoambiwa. Basi tulitazame jengo.

Mpango wake ni wa basilika, yaani ukumbi mmoja mrefu unaoishia kwenye kibweta cha nusu duara ambapo altare husimama. Ni mpango wa kale sana. Basilika za kwanza za Warumi hazikuwa nyumba za ibada, bali kumbi za hadhara ambamo watu walifanya biashara na kusikiliza mashauri. Wakristo waliuazima mpango huo baadaye. Kwa hiyo kuna maana kubwa, ikiwa ilikusudiwa au haikukusudiwa, katika kuujenga ukumbi wa namna hiyo juu ya soko, na tena soko la wanadamu: mahali pa bei pamegeuzwa kuwa mahali ambapo mtu hana bei.

Madirisha ni marefu na membamba, yenye vichwa vya ncha kwa mtindo wa makanisa ya Uingereza ya zama za kati. Hata hivyo mtazamaji aliyeizoea pwani yetu ataona pia matao na mapambo yanayomkumbusha misikiti na majumba ya mji ule ule. Mitindo hii miwili imewekwa pamoja bila kugombana. Hapa ndipo kanisa hili linapotofautiana na ndugu zake. Kanisa la Azania Front la Dar es Salaam, lililojengwa na Wajerumani mnamo mwanzo wa karne ya 20, ni zuri kwa vigae vyake vyekundu, lakini lingeweza kuchukuliwa zima zima na kupelekwa kijiji fulani cha Ujerumani, nalo lisingeonekana geni huko. Hali kadhalika Kanisa la Mtakatifu Yosefu, la Wakatoliki wa Unguja, lililojengwa katika miaka ya 1890, minara yake miwili inazungumza Kifaransa. Kanisa la Mkunazini linazungumza Kiingereza chenye lafudhi ya Unguja, na pengine ni haki zaidi kusema kwamba linajaribu kuzungumza Kiswahili, kama alivyojaribu mwenyewe aliyelibuni.

Lakini utukufu wa kazi hii umo juu, katika paa. Ili kuufahamu ni lazima kwanza tuzijue nyumba za mawe za pwani zinavyojengwa. Kuta zake ni za mawe ya matumbawe yaliyoshikamanishwa kwa chokaa. Juu ya kuta hulazwa boriti za mikoko, na juu ya boriti hupangwa mawe na kumwagwa chokaa hadi kupatikana dari nzito. Boriti ya mkoko haina urefu mkubwa. Kwa kawaida haizidi mita tatu hivi kwa matumizi hayo. Ndiyo sababu vyumba vya nyumba za kale za Waswahili ni virefu kama ushoroba lakini vyembamba. Upana wa chumba uliamuliwa na mti wa mkoko.

Sasa mwombe mjenzi aliyekulia katika ufundi huo ajenge ukumbi mpana, wa kukusanya mamia ya watu, bila boriti hata moja. Steere aliamua kwamba paa liwe kuba ndefu, mfano wa nusu ya pipa lililolazwa, na kwamba lifanywe kwa zege la matumbawe yaliyopondwa na kuchanganywa na saruji. Wengi waliona shaka. Kuba ya namna hiyo haibebwi na kitu chochote chini yake. Uzito wake hujisukuma kwenda pembeni, ukuta nao husukumwa utoke nje, na kama ukuta si mnene na imara, jengo zima hupasuka. Waliosema kwamba paa lile litaanguka hawakuwa wajinga. Walikuwa wanajua hesabu ya uzito.

Paa halikuanguka. Limesimama kwa zaidi ya miaka 140, limepita mvua za masika zisizohesabika na chumvi ya bahari isiyopumzika. Tena namsihi msomaji aangalie ni nani hasa aliyelisimamisha. Askofu alitoa wazo, na ni haki asifiwe kwa wazo lake. Lakini wazo halichomi chokaa tanuruni, wala halipondi matumbawe, wala halipandi jukwaa la miti wakati wa jua la Januari na karai kichwani. Kazi hiyo ilifanywa na mafundi na vibarua wa pale. Walichukua ufundi wao wa chokaa na mawe, ulio wa karne nyingi katika pwani hii kutoka Lamu hadi Kilwa, wakautumia kwa umbo ambalo hawakuwahi kulijenga, na umbo likasimama. Katika ushairi, mtu akichukua bahari ngeni akatunga ndani yake bila kuvunja mizani, tunamwita malenga. Sioni kwa nini fundi aliyefanya jambo hilo hilo kwa mawe aitwe kibarua tu.

Jengo lina kasoro zake pia. Kwa nje kuta ni nzito na baadhi ya pande zake ni kavu kwa mapambo. Vioo vya rangi, ingawa vinapendeza asubuhi, vinasimulia habari ambazo mara nyingi si za watu wa mahali hapa. Jambo hilo la mwisho nitalirudia, kwa kuwa si dogo.

HADITHI ZINAZOSIMULIWA

Turudi sasa kwenye nguzo. Hadithi ya nguzo zilizogeuzwa imesimuliwa na kuandikwa mara nyingi, na nguzo zenyewe zipo, mgeni huonyeshwa. Mimi sikuja kuikanusha. Nauliza inafanya kazi gani. Hadithi hii humwonyesha Mwafrika kama mtoto: Bwana akiondoka, kazi inaharibika. Husimuliwa kwa kicheko, na kicheko hicho humfanya msikilizaji asahau kutazama juu. Watu hao hao wanaochekwa kwa nguzo chache ndio waliojenga kuba ambayo wajuzi walidhani haiwezekani. Mwalimu anayesimulia habari ya nguzo na kunyamaza kuhusu paa hajasema uongo, lakini amewaacha wanafunzi wake na uongo.

Tena, tufikiri kidogo. Fundi aliyezoea kuta nene na boriti za mikoko analetewa vipande vya nguzo vya mtindo wa kigeni, wala hana mtu wa kumweleza mchoro. Akikosea, kosa ni la mikono yake au ni la yule aliyeondoka bila kuacha maelezo? Sisi tuliofanya kazi maofisini tunalijua jambo hili vizuri. Mara nyingi lawama humteremkia aliye chini kabisa.

Hadithi ya pili ni ya saa ya mnarani. Husemwa kwamba Sayyid Barghash aliomba mnara wa kanisa usipite kimo cha Beit al-Ajaib, na askofu alipokubali, Sultani akatoa saa iwe zawadi. Ni hadithi nzuri, inayoonyesha Mwislamu na Mkristo wakiheshimiana, nami ningependa iwe kweli. Lakini Beit al-Ajaib lilijengwa mwaka 1883, na Steere alikuwa ameaga dunia mwaka 1882. Nawashauri walimu wa historia waiandike miaka hiyo miwili ubaoni, kisha wawaachie wanafunzi swali hili: Je, hadithi hii inaweza kuwa kweli jinsi ilivyo, au imebadilika midomoni mwa wasimulizi? Zoezi hilo moja litawafundisha uhakiki kuliko kukariri kurasa kumi.

Hadithi ya tatu ndiyo ngumu zaidi. Karibu na kanisa kuna vyumba viwili vya chini ya ardhi, vifupi na vyenye giza, ambavyo wageni huambiwa kwamba watumwa walifungiwa humo wakingoja kuuzwa. Watu wengi hutoka humo wakilia. Lakini jengo lililo juu ya vyumba hivyo ni la wamisionari, nalo lilijengwa baada ya soko kufungwa. Wanahistoria kadhaa wamekwisha kutoa shaka zao kuhusu simulizi hiyo. Mtu aweza kusema: Kuna ubaya gani? Uchungu ni wa kweli hata kama chumba si chenyewe. Mimi nasema ubaya upo, na ni mkubwa. Utumwa ulikuwa kweli. Soko lilikuwa kweli. Mkataba wa mwaka 1873 haukufunga ndoto. Kweli kubwa namna hiyo haihitaji kuongezewa chumvi, na tukiiongezea tunampa mtu mwenye nia mbaya nafasi ya kusema kwamba, kama hiki si kweli, basi hata vingine si kweli. Njia ya mwongo ni fupi, walisema wahenga, na pale inapokatikia huiangusha hata kweli aliyoibeba mgongoni.

NANI AMEKUMBUKWA?

Ndani ya kanisa, mbele ya altare, kuna duara la marumaru nyeupe lililozungukwa na nyekundu. Inasemwa kwamba hapo ndipo uliposimama mti ambao watumwa walichapwa wakiwa wamefungwa, ili wanunuzi waone nguvu zao, na kwamba rangi nyekundu ni ishara ya damu yao. Kama kuna mahali ambapo ujenzi umefikia daraja la ushairi katika nchi yetu, basi ni hapo. Hakuna sanamu, hakuna maandishi marefu, ni rangi mbili tu sakafuni.

Lakini mtazamaji akiinua macho kutoka sakafuni, ataona habari nyingine. Vioo na mabamba ya kumbukumbu vinataja mabaharia wa Uingereza waliofariki katika doria za kukamata majahazi ya watumwa. Kuna dirisha la kumkumbuka David Livingstone. Kuna msalaba uliochongwa kwa mti wa Chitambo, katika nchi ya Zambia ya leo, mti ambao moyo wa Livingstone ulizikwa chini yake mwaka 1873. Kuna kaburi la Steere. Hawa wote walistahili kukumbukwa, nami siwaonei wivu. Nasema tu kwamba katika nyumba iliyojengwa kwa ajili ya kumbukumbu ya watumwa, waliotajwa kwa majina ni waokoaji, na waliookolewa wametajwa kwa rangi.

Tuchukue msalaba ule wa Chitambo. Mwili wa Livingstone haukufika pwani kwa miguu yake. Ulibebwa na Waafrika, wakiongozwa na Chuma na Susi, wakafika Bagamoyo Februari 1874. Chuma mwenyewe alipokuwa mtoto alikuwa mtumwa, akafunguliwa mwaka 1861 na kulelewa na misheni ile ile iliyojenga kanisa hili. Kwa hiyo msalaba ule una haki ya kuitwa msalaba wa Chuma kama unavyoitwa msalaba wa Livingstone. Mwalimu akilisema hilo, habari yote inageuka: mtumwa aliyefunguliwa anakuwa ndiye anayembeba mfunguaji.

Tena isidhaniwe kwamba utumwa ulikufa siku jiwe la msingi lilipowekwa. Uhalali wake Unguja na Pemba uliondolewa mwaka 1897 tu, na waliowekewa utaratibu wa kulipwa fidia walikuwa mabwana, si watumwa. Katika Tanganyika ulipigwa marufuku mwaka 1922. Na hapa ndipo ninapolijibu lile swali la mtu wa Itumba anatafuta nini Mkunazini. Ng'ambo ya Songwe, karibu na Karonga, mfanyabiashara aitwaye Mlozi alikuwa na boma lake, na mwaka 1887, miaka kumi baada ya ibada ya kwanza ya Mkunazini, watu wake waliwashambulia Wangonde, wakaua na kuteka. Mlozi hakushindwa hadi Desemba 1895, aliponyongwa. Wakati kengele zilipolia Unguja kushangilia mwisho wa biashara ile, watu wa nchi yetu ya Songwe walikuwa bado wanalala na mikuki mlangoni. Kanisa la Mkunazini, basi, linasimulia mwisho wa habari ambayo mwanzo wake uko kwetu. Bila sisi wa bara habari yake imekatwa kichwa.

Ni kweli kwamba mwaka 1998 msanii kutoka Sweden, Clara Sörnäs, alisimamisha nje ya kanisa sanamu za watumwa watano waliomo shimoni, wenye minyororo shingoni. Kazi hiyo ni nzuri na imesahihisha mengi. Nyuso zile hazilii wala haziombi, zinatazama tu, na anayezitazama kutoka juu ndiye anayeona haya. Hata hivyo nazo hazina majina. Nadhani kazi ya kuyatafuta majina, au walau ya kutafuta koo, vijiji na njia walizopita, si ya msanii wa kigeni. Ni yetu.

WAJIBU WETU

Mji Mkongwe uliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2000. Heshima hiyo haizuii chumvi kula ukuta. Tarehe 25 Desemba 2020, siku ya Krismasi, sehemu ya Beit al-Ajaib iliporomoka na watu wakapoteza maisha. Jumba ambalo hadithi ilisema kanisa lisilipite kwa kimo liliinama lenyewe. Tujifunze hapo. Jengo la matumbawe na chokaa linahitaji kutunzwa kila mwaka: maji yazuiwe, mimea iondolewe nyufani, na ukuta wa chokaa uzibwe kwa chokaa. Anayeziba ukuta wa namna hiyo kwa saruji ngumu huufungia unyevu ndani, na ukuta huoza taratibu huku uso wake ukionekana mpya. Kwa hiyo kutunza majengo ya kale ni kutunza pia mafundi wa chokaa, wasije wakatoweka na elimu yao. Vijana wetu wa vyuo vya ufundi wangefundishwa kazi hiyo kama ufundi wenye heshima.

Wapo wanaosema kwamba kanisa ni mali ya Wakristo, basi Wakristo na walitunze. Nawaomba wakumbuke jinsi lilivyojengwa. Kiwanja kilitoka kwa Mhindu pamoja na Mkristo, mkataba uliokifungua ulitiwa saini na Mwislamu, ufundi ulikuwa wa pwani yetu, na machozi yaliyomwagika pale yalikuwa ya watu wa bara ambao wengi wao walifuata imani za mababu zao. Kama jengo hilo si la taifa, sijui la taifa ni lipi.

Kwa walimu nina ombi moja. Wachache wetu tutaweza kuwapeleka wanafunzi Unguja, lakini kila wilaya ina majengo yake. Sisi wa Ileje tuna Isoko, kituo cha zamani cha Wamoravian, na jirani zetu wana Rungwe, ambako Wamoravian walifika mwaka 1891. Wapelekeni watoto. Wafundisheni kuuliza maswali manne: Nani alitoa wazo? Nani alitoa ardhi? Nani alifyatua matofali na kubeba mawe? Na kabla ya jengo, hapa palikuwa na nini? Wazee wanaokumbuka waliyosimuliwa na baba zao bado wapo, ingawa kila mwaka wanapungua. Maswali hayo yakiandikwa pamoja na majibu yake katika daftari la shule, hapatakuwa na mwalimu wa kesho atakayelazimika kujibu "vibarua tu".

Mimi ni mtunzi wa mashairi kabla ya kuwa mwandishi wa makala, basi nitaomba ruhusa ya kufunga kwa ubeti mmoja, nilioutunga usiku ule nilipotoka Mkunazini:

Mawe hayasemi kitu, bila msemaji ndani,
Tusiwasahau wetu, waliouzwa sokoni,
Majina ya hao watu, hayasomeki jiweni,
Habari yao, wanetu, isifie kaburini.